Shangazi Aliyekaa Mlangoni

Kifo cha Waya Dorka nilikisikia redioni, katika hoteli moja ya chai pale mpakani Isebania, wakati wa yale matangazo ya vifo ambayo hufanya watu wazima waache kutafuna. Msomaji alitaja kijiji kilicho karibu na Awasi, akataja wapwa na wajukuu, na katikati yao akanitaja mimi: Akinyi aliyeko Kitale. Kitale nilikuwa nimeihama zamani. Mwenye hoteli aliniona nimeinua uso.

"Ni mtu wako, Mama?"

"Ni shangazi yangu."

"Woi! Pole sana."

"Asante. Niongezee chai. Na mandazi, yale ya moto."

Niliyala polepole, na yalikuwa matamu. Najua wapo watakaosema kwamba marehemu hasemwi. Hao hawakumjua Waya Dorka. Yeye aliwasema walio hai, tena wakiwa upande wa pili wa pazia.

Waya, katika Kijaluo chetu, ni dada wa baba. Wa kwangu alikuja Kisumu kutibiwa mguu. Mguu ukapona, naye akabaki. Tulikaa Kaloleni, katika nyumba za baraza la mji, chumba kimoja kilichogawanywa kwa pazia la maua, na jiko nje kwenye kibaraza. Wale wa rika langu waliokulia huko watakumbuka harufu ya asubuhi zile: moshi wa garimoshi, sabuni ya mche kwenye bomba la pamoja, samaki wa ngege akikaangwa nyumba ya tatu na kila mtu akijua ni nyumba gani. Watakumbuka pia wale wadudu wadogo wa ziwani, sami, waliopanda kutoka majini kama moshi mweusi na kuingia kwenye macho, kwenye chai, kwenye uji wa mtoto. Baba alifanya kazi bandarini, akipakia na kupakua meli, kwa zamu zilizobadilika kila wiki. Wakati mwingine alitoka sisi tukilala na kurudi sisi tukiwa shule. Mtu wa namna hiyo hujua habari za nyumba yake kwa kuambiwa.

Na wa kumwambia alikuwa mlangoni. Waya alichukua kile kigoda cha Mama cha kupikia, akakiweka penye kizingiti, akakikalia. Hapo ndipo palipokuwa mahali pake tangu chai ya asubuhi hadi jioni, akinusa ugoro, miguu ameinyoosha hata ilibidi tumruke tukitaka kuingia. Baba akitokea kwenye kona ya barabara, Waya ndiye aliyempokea kofia. Mama alikuwa akipepea makaa kibarazani nyuma, na kabla hajainua mgongo, maneno yalikuwa yamekwisha kusemwa.

"Mke wa heshima," Waya alimfundisha Mama siku za mwanzo, nami nikisikia, "hamrukii mume wake na maneno akiwa na jasho. Mambo ya nyumba yanapitia kwa dada yake. Kwenu Uyoma hamkufundishwa?"

Mama alikuwa msichana bado, sasa ndiyo naona. Wakati ule nilimwona mzee kama mlima. Majirani walimwita Nyar-Uyoma, binti wa Uyoma, maana sisi humwita mke kwa jina la kwao ili asisahau kamwe kwamba ni mgeni. Alikubali. Akaanza kusema, "Waya, mwambie Baba Akinyi hivi," na "Waya, mwambie Baba Akinyi vile." Na Baba akasema, "Dada, mwambie Mama Akinyi."

Siku moja Mama alikwenda soko la Kibuye. Aliniacha na mdogo wangu, Okoth, aliyekuwa bado ananyonya. Alimwambia Waya: "Mwambie Baba Akinyi nimeenda Kibuye, ugali wake nimeufunika kwa sahani usipoe." Baba alipofika, Waya alipokea kofia, akapangusa vumbi lake kwa kiganja, akashusha pumzi.

"Mama Akinyi yuko wapi?"

"Ameenda zake. Amesema ugali uko pale. Kama una njaa, utajipakulia."

Nilikuwa nimekaa sakafuni nikimchezesha Okoth. Nilisikia, na sikushangaa. Nilikuwa nimeona maziwa yakinunuliwa asubuhi yakiwa matamu na jioni yakawa yamechacha, bila mtu kuyafanya lolote. Nilidhani maneno nayo huwa hivyo. Yakisemwa asubuhi ni matamu, yakikaa hadi jioni kwenye mdomo wa mtu mzima, yanachacha. Niliona ni bahati mbaya tu kwamba Baba alirudi akiwa amechelewa.

Siku nyingine Baba alisema, akiwa amevaa viatu vyake kwenda zamu, "Dada, mwambie Mama Akinyi yule samaki wa jana alikuwa mtamu sana." Waya akamwambia Mama: "Amesema jana, angalau, ulipika." Tazameni ustadi wake. Hakuongeza hata uongo mmoja mkubwa ambao mtu angeushika mkononi. Alipunguza kidogo hapa, akaongeza "angalau" pale, kama mpishi mbaya anayeharibu mchuzi kwa chumvi. Nilimwona Mama akiacha kupepea makaa, kisha akaanza tena, kwa nguvu, cheche zikaruka.

Na Okoth alipopata homa, Mama akasema, "Mwambie mtoto alichemka mwili, lakini sasa amepoa, asiwe na wasiwasi." Waya akampelekea Baba hivi: "Amesema mtoto wake ameugua tena. Ati *wake*. Sijui ndugu yangu kama wewe una mtoto humu ndani."

Baba alikula, akalala.

Hivyo ndivyo nyumba yetu ilivyonyamaza. Hapakuwa na ugomvi. Hakuna sahani iliyovunjika. Kila mmoja alikuwa amechomwa na mwenzake, kwa kadiri alivyojua, na kila mmoja alikuwa na kiburi. Mwishowe hata Waya akiwa amekwenda msalani, hawakusemezana. Walinitumia mimi. Baba akiwa upande huu wa pazia, Mama upande ule, Baba angesema, "Akinyi, mwambie mama yako nataka shati la bluu." Nami ningepita chini ya pazia na kusema, "Mama, Baba anataka shati la bluu," na Mama, ambaye alikwisha kulishika lile shati mkononi, angesema, "Mwambie hili hapa." Nililichukua shati kwa mikono miwili kama naleta sakramenti.

Nitasema ukweli: nilijivuna. Niliamini kwamba nyumba yetu ilikuwa na heshima kuliko nyumba zote za Kaloleni. Nyumba nyingine watu walipiga kelele ovyo. Kwetu maneno yalikuwa na mjumbe, kama ya machifu.

Ni Benta, binti wa jirani, aliyenifungua macho. Tulikuwa tunacheza baba na mama chini ya kamba za nguo, tumejenga nyumba kwa matofali, tumesonga ugali wa udongo. Benta alikuwa mama, mdogo wake alikuwa baba. Akamwita, "Baba Fulani, njoo ule!" Nikamzuia.

"Hapana. Wewe ni mama, huwezi kumwambia. Niambie mimi, nami nimwambie."

"Kwa nini?"

"Ndivyo inavyokuwa."

"Kwani huyu baba ni mgonjwa?"

"Ni heshima."

Benta aliangua kicheko mpaka akakalia ugali. "Heshima gani hiyo? Kwetu Mama akimtaka Baba anamwita tu. Hata akiwa chooni anamwita! Kwenu hawasemezani? Wee, skizeni, kwa kina Akinyi hawasemezani!"

Nilimtia udongo mdomoni. Tulipigana mpaka mama yake akatutenganisha, nami nikaenda kukaa kwenye kibaraza chao nikikwangua matope kwenye magoti, na kutoka pale nikawasikia. Mama Benta alikuwa anamwambia mumewe kwamba amenunua nyama yenye mifupa mitupu, amedanganywa kama mtoto, na mumewe akamjibu kwamba mifupa hiyo ni kwa ajili ya meno yake yeye yaliyozidi mdomoni. Wakacheka. Walicheka wote wawili, ana kwa ana, bila mjumbe. Sijawahi kusikia kitu kilichonitia wivu kama kicheko kile.

Tangu siku hiyo nikaanza kusikiliza kwa namna nyingine. Nilishika maneno ya Mama yakitoka, nikayangoja mlangoni yakiingia kwa Baba. Nikaona kwamba hayakuchacha yenyewe. Kulikuwa na mtu anayeyatia ndimu. Na watoto, ambao hawana kazi nyingine, hukumbuka. Nililala nikiyarudia, lipi lilisemwa na lipi lilifika, kama wenzangu walivyorudia hesabu za kuzidisha. Nilimchukia Waya kwa uaminifu mkubwa. Nilimruka pale mlangoni na kila nilipomruka niliomba mguu wake uugue upya.

Akaniambia mwenyewe alichokuwa akikipika. Alikuwa ananisuka nywele, magoti yake yamenibana mabega, harufu ya ugoro ikinishukia kutoka juu.

"Utapata mama mwingine," akasema. "Msichana wa kwetu Awasi, mpole, anajua kazi. Huyu wako anarudi Uyoma kupumzika."

"Lini?"

"Wakishamaliza sherehe ya mtoto wa Mzee Ouma. Hatutaki maneno ya watu kabla ya sherehe."

"Okoth naye?"

"Okoth ananyonya, ataenda naye kwanza. Tutamfuata akiacha ziwa."

"Na mimi?"

"Wewe ni wa kwetu, nyathina, mwanangu. Mtoto ni wa boma la baba yake. Haondoki na mtu anayeondoka." Akavuta nywele. "Tulia."

"Baba amesema?"

"Baba yako amesema."

Nilimkimbilia Mama bombani. Alikuwa anasuuza nepi za Okoth, mikono yake imekunjamana kwa maji. Nikamwambia yote kwa pumzi moja. Hakuacha kusuuza.

"Nimeambiwa," akasema.

"Na nani?"

"Na Waya yako."

"Baba mwenyewe je?"

"Baba yako aliacha kusema na mimi." Akakamua nepi kama anayenyonga kuku. "Siwezi kumlilia mtu ambaye hata kunifukuza anamtuma mtu."

"Lakini Mama, Waya hasemi vile unavyosema! Ulisema ugali..."

"Akinyi. Nimechoka. Chukua hii ndoo."

Jioni nikamjaribu Baba. Nilimngojea mbali, kule kwenye kona ya barabara, ili nimfikie kabla ya kofia kufika mlangoni. Nikamshika mkono. Mkono wake ulinuka kamba na mafuta ya mashine.

"Baba, Mama hakusema ile ya ugali."

"Ugali gani?"

"Ule wa kujipakulia. Ni Waya..."

Aliusukuma mkono wangu taratibu. "Hayo ni mambo ya wakubwa, Akinyi. Mtoto hamsemi shangazi yake." Akaenda zake. Nikamwona Waya akinyoosha mikono kupokea kofia.

Basi hapakuwa na masikio. Mama alikuwa amechoka, Baba alikuwa mkubwa, na mimi nilikuwa na kila neno kichwani bila mahali pa kuliweka. Chini ya kitanda Mama aliliweka sanduku la bati, na kila siku lilijaa kidogo.

Sasa, ninyi ambao si wa ziwani, niwaeleze pakruok. Katika sherehe zetu hukaa mpiga orutu, ile ala ya uzi mmoja inayolia kama mtu anayebembeleza na kulalamika papo hapo. Anapopiga, yeyote anaweza kuinuka na kumrushia sarafu. Muziki unakatika. Sasa uwanja ni wa huyo aliyetoa. Anajisifu, anamsifu rafiki yake, anamchoma adui yake, na hakuna anayeruhusiwa kumkatiza mpaka amalize mwenyewe. Ukiudhika, dawa ni moja: tafuta sarafu yako, ungoje zamu yako. Nimezunguka miji mingi tangu hapo, nimekaa na watu wa makabila mengi, na sijaona mahakama yenye haki kama ile. Mdomo mkubwa unanyamazishwa na sarafu ndogo.

Sherehe ya Mzee Ouma ilikuwa Jumapili mchana, baada ya kanisa. Mwanawe alikuwa amerudi kutoka masomoni ng'ambo, na Kaloleni nzima ilikuwa uani kwake, viti vimeazimwa kila nyumba, sufuria za wali zikitoa mvuke, mwanawe mwenyewe ndani ya suti nzito akitokwa na jasho kama mtu anayeungama. Asubuhi Baba alikuwa amenipa senti kumi ya sadaka, ile yenye tundu katikati. Bakuli la sadaka lilipita mbele yangu. Nikalitazama likapita.

Waya alikuwa wa kwanza katika wanawake kuinuka. Alifungua fundo la leso yake, akarusha sarafu, na mzee wa orutu akainua upinde.

"Mimi!" akasema Waya.

"Wewe nani?" watu wakaitikia.

"Mimi nyar Kano, binti wa Awasi ya mtama na ng'ombe! Mimi ndiye komeo la nyumba ya ndugu yangu! Nimekaa mlangoni na kunguru amenikuta macho. Kunguru aliyeruka kutoka Uyoma na njaa yake, nimemwambia: kunguru, hata ukinenepa, bado ni kunguru. Ruka urudi ulikotoka! Mzee, piga!"

Watu walicheka, maana lilikuwa limesemwa vizuri. Hilo ndilo lililoniuma zaidi, kwamba lilikuwa limesemwa vizuri. Mama alikuwa amekaa na wanawake wenzake, Okoth begani. Aliinamisha kichwa akazitazama ndara zake. Baba alisimama na wanaume, kikombe mkononi. Hakucheka. Lakini pia hakufanya kitu kingine chochote.

Nikapita katikati ya watu nikatupa senti yangu kumi. Ililia kwenye sahani ya mzee. Muziki ukakatika.

"Nani ametoa?"

"Ni mtoto huyu!"

"Mtoto wa nani? Mrudishie!"

"Ametoa," akasema mzee wa orutu. Alikuwa na jicho moja jeupe, akaniangalia kwa lile lingine. "Pesa ya mtoto haina ndevu, lakini ni pesa. Sema, nyathina. Wewe nani?"

"Mimi Akinyi," nikasema. "Mimi ndiye mjumbe wa nyumba ya baba yangu."

Wakacheka kwa furaha, wakapiga makofi, wakidhani nimeiga wakubwa. Nikangoja wamalize.

"Mama alisema: ugali nimeufunika usipoe. Waya akamwambia Baba: kama una njaa, utajipakulia."

Kicheko kikapungua.

"Baba alisema: samaki wa jana alikuwa mtamu sana. Waya akamwambia Mama: jana, angalau, ulipika. Mama alisema: mtoto amepoa, asiwe na wasiwasi. Waya akamwambia Baba: ni mtoto wake, sijui kama wewe una mtoto humu. Baba alisema..."

"Mnyamazisheni huyo!" Waya alikuwa amesimama. "Mtoto gani huyu asiye na adabu? Nani amemfundisha? Ni mama yake amemfundisha!"

"Mama," mzee wa orutu akamwambia Waya kwa upole, "tafuta sarafu."

Uwanja mzima ukalipuka. Waya akafungua fundo la leso, hapakuwa na kitu, alikuwa ametoa yake kwa kunguru. Akageuka. "Ndugu yangu! Nipe senti! Nipe nimjibu mtoto huyu!"

Watu wote wakamtazama Baba. Aliweka kikombe chini. Alitia mkono mfukoni, na Waya akanyoosha kiganja chake. Baba akampita. Akaenda hadi kwenye sahani, akadondosha sarafu mle, na kwa mara ya kwanza kwa muda mrefu alinitazama kama mtu anayeona ninayo sura.

"Endelea," akasema.

Nikaendelea. Niliyatoa yote, moja baada ya jingine, lililosemwa na lililofika, mpaka wanawake wakaacha kupakua wali. Sikumwonea. Sikuongeza chumvi hata punje, na ndiyo sababu lilikuwa pigo. Mama alikuwa ameinua kichwa. Alimtazama Waya, hakumtazama mtu mwingine, na nikaona pembe ya mdomo wake ikipanda. Sijasahau raha ile. Watu huniambia kisasi kina uchungu mdomoni. Hao labda walikila kikiwa kimekwisha kupoa.

Asubuhi iliyofuata Waya alipanda basi la Awasi, bahasha zake za ugoro kifuani, bila mtu wa kumsindikiza. Alipopita mbele yangu alisema, "Ulimi huo utakuzika mapema." Nimeutunza sana ulimi huu tangu siku hiyo. Na sikai mahali ambapo mtu ananijia na kusema, "Fulani amesema hivi juu yako." Namwambia, nipeleke kwa huyo Fulani sasa hivi, tusimame watatu. Akisitasita, nafunga virago nahama. Ndiyo maana nimehama sana.

Mnaweza kudhani kwamba baada ya hapo kwetu palikuwa na kicheko kama cha kina Benta. Jioni ile ile ya basi, Baba alirudi kutoka zamu na hapakuwa na mtu mlangoni wa kumpokea kofia. Alisimama nayo mkononi hajui pa kuiweka. Kisha akapita mpaka kibarazani nyuma, Mama alikokuwa akipepea makaa.

"Mama Akinyi," akasema. "Kwa nini hukuniambia mwenyewe?"

Mama hakuinua mgongo. "Nyumba ni chumba kimoja, Baba Akinyi. Wewe ulihitaji kugeuza shingo tu."

Jibu hilo lilinikalia miaka mingi kabla sijalielewa. Nilikuwa nimemchukia Waya peke yake, maana yeye ndiye aliyenyoosha miguu mlangoni. Lakini Waya alikuwa muuzaji, na muuzaji hakai mahali pasipo na mnunuzi. Baba aliyanunua yale maneno. Siku ile kwenye kona ya barabara nilimpa ya kweli bure, akausukuma mkono wangu. Labda msichana mpole wa Awasi hakumchukiza. Labda kazi ilikuwa imemchosha na ilikuwa rahisi kuamini. Sikuwahi kumuuliza, na Mama hakumuuliza. Mama alikuwa na njia yake.

Sanduku la bati lilitolewa chini ya kitanda, nguo zikarudi kwenye msumari, na tangu siku ile Mama akapata ugonjwa. Baba angesema, "Mama Akinyi, naomba maji." Naye, akiwa hatua moja kutoka kwake, angegeuka kwa adabu na kuuliza, "Unasemaje?"

"Naomba maji."

"Ee?"

"Maji! Naomba maji, tafadhali!"

"Oo. Maji." Akayaleta.

Ilikuwa hivyo kila siku, kwa kila neno. Habari za kazi alizisema Baba mara mbili. Salamu alizisema mara mbili, tena akimtazama usoni, tena kwa sauti. Majirani wakaanza kumsikitikia Nyar-Uyoma, ati mvuke wa sufuria umemharibu masikio akiwa bado kijana. Lakini mimi nikinong'ona nje na Benta kwamba sukari imebaki kidogo na tunaweza kuilamba, Mama alipaza sauti kutoka ndani ya nyumba: "Jaribuni!"

Baba alivumilia. Mwishowe, kwa huruma au kwa kuchoka, aliomba ruhusa ya nusu siku kazini na kumpeleka Mama hospitali kubwa ya mji, nami nikafuata nyuma nimembeba Okoth. Daktari alimwangalia Mama masikioni kwa taa ndogo, akasimama nyuma yake, akanong'ona neno moja moja, na Mama akayarudia yote bila kukosa. Daktari akamwita Baba kando.

Tulirudi kwa miguu. Jua lilikuwa kali, lami imelainika, na Baba alitembea mbele yetu mpaka tukaanza kuziona paa za Kaloleni. Hapo akasimama, akageuka, shingo na mwili wote.

"Mama Akinyi," akasema. "Daktari amesema masikio yako ni mazima kabisa."

Mama alitengeneza leso yake kichwani. Alimtazama mumewe kwa utulivu, kama mtu mwenye siku zote za dunia.

"Unasemaje?" akauliza.